Umerudi, lakini hujafika

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni binti wa miaka 29, fundi cherehani hapa Tanga, kibanda changu kiko Ngamiani. Mwezi wa sita nilisafiri peke yangu kwa mara ya kwanza maishani, na tangu nirudi sielewani na mtu. Naomba unisome mpaka mwisho, maana barua ni ndefu.

Baba yangu alifariki Novemba akiwa na miaka 71. Aliugua miaka mitatu, na miwili ya mwisho hakuweza kunyanyuka bila kushikwa. Mimi ndiye kitinda mimba na ndiye niliyekuwepo nyumbani. Kaka zangu wawili wako Dar, na mama mgongo haumruhusu kuinua hata ndoo ya maji. Cherehani niliihamishia sebuleni ili nimsikie baba akiita. Nilikuwa nashona huku nimetega sikio. Watu wakanizoea hivyo: yule mpole, yule anayemuuguza baba yake.

Baba alipokuwa kijana, mwaka 1971, alikwenda kufanya kazi kwenye ujenzi wa Tazara, reli ya Tanzania na Zambia. Hadithi zake zote zilikuwa za huko, hasa kipande cha Mlimba kwenda Makambako, reli inapopanda milima, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja. Alituambia walikuwa wakibeba vitu vizito pamoja na Wachina, na kabla ya kunyanyua wote wanahesabu Kichina: "I, a, sani!" Hata alipokuwa hoi, tulipokuwa tunamnyanyua kitandani alikuwa anatuhesabia mwenyewe. I, a, sani, halafu anacheka mpaka anapaliwa.

Mama alipotoka eda na mambo kutulia kidogo, nikaona lazima niione Mlimba. Nikapanda basi mpaka Dar, nikakata tiketi ya daraja la pili, chumba cha wanawake, vitanda sita. Nilipata kitanda cha juu. Chini yangu alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa Tunduma mwenye mabegi matatu ya plastiki. Upande wa pili mwanafunzi wa chuo anayerudi Mbeya, na mama wa Kizambia wa kwenda Kasama na mjukuu wake. Jioni tulipita mbugani tukaona twiga wamesimama wanatutazama kama sisi ndio wanyama. Mlimba tulifika usiku. Nilishuka na tochi ya simu, nikaokota kokoto moja pembeni ya reli, nikapanda tena haraka kabla sijaachwa.

Yule mama wa Tunduma akaniuliza, "Jiwe la nini, binti?" Basi nikasimulia. Mama Mkubwa, mimi sijawahi kusimulia kitu kwa watu watano kwa mpigo. Nilianza kwa kunong'ona, nikajikuta nimeshuka kitandani naigiza baba alivyokuwa akibeba taruma la kulaza chini ya reli, na chumba kizima kinacheka. Kulipoanza kupambazuka treni ikaingia handaki, giza tii, mtoto akashtuka. Mwanafunzi akapaza sauti, "I, a..." na sisi wote tukamalizia, "Sani!" Asubuhi mama wa Kizambia alikataa kunipa chai mpaka niseme "mwashibukeni", ndiyo salamu yao ya asubuhi kwa Kibemba.

Nilipanga kushuka Mbeya, nilale siku nne, nirudi. Mama wa Tunduma akasema, mgonjwa huna tena, harusi bado, unakimbilia nini? Nikaenda naye. Siku nne zikawa siku 16. Tunduma ni mji wa mpakani, malori foleni, kelele kuanzia alfajiri, ukivuka barabara uko Nakonde, Zambia, unahesabiwa chenji kwa kwacha. Nilipewa cherehani ya kuazima, nikashona magauni saba ya vitenge na yote yakanunuliwa. Nilibishana bei sokoni kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Yule mama ameniambia nirudi tufungue duka, mimi nishone, yeye auze.

Sasa nyumbani. Mama anauliza, "Mwanamke peke yake safarini anatafuta nini?" Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi anasema siku hizi najiona. Na mchumba wangu wa miaka minne, anayefanya kazi bandarini, ni mtu wa maneno machache. Simlaumu, hata baba alipokuwa mgonjwa alikuwa anapitia nyumbani kila akitoka kazini. Posa ilishajibiwa, mahari ametoa nusu, harusi ni Mfunguo Mosi. Nikimweleza habari za Tunduma anasikiliza, anasema "aa" na "kumbe". Wiki iliyopita akasema, "Umerudi, lakini hujafika." Akachukua funguo za pikipiki akaondoka.

Mle kwenye treni nilikuwa mtu ninayempenda. Hapa, nikikaa na mchumba wangu barazani, najisikia kama bado kuna mtu anakohoa chumba cha pili. Nina akiba ya shilingi 1,800,000. Niende Tunduma, au niolewe?

Abiria, Tanga


Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa mzee.

Niliposoma barua yako mara ya kwanza nilitaka kukujibu neno moja: nenda. Mwanamke aliyekaa miaka mitatu ametega sikio, akapata siku 16 za kupiga kelele sokoni, nani atamwambia akae? Nikaiweka mezani, nikapika, nikairudia. Mara ya pili nikaona kitu kilichonifanya nivute kiti.

Lakini ngoja kwanza nikueleze ninakotokea, usije ukadhani unajibiwa na mtu ambaye hajawahi kutoka barazani kwake.

Mimi ni mtoto wa Pangani. Mwaka 1984 nilimaliza chuo cha ualimu, nikapangiwa shule karibu na Kasanga, kusini kabisa mwa Ziwa Tanganyika. Enzi zetu serikali ilikuwa inakutupa mbali makusudi. Wa pwani anasomeshwa bara, wa bara analetwa pwani, na msipozoeana shuleni mtazoeana JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwenye kwata. Tulinung'unika sana, ila ndoa nyingi za umri wangu zilizochanganya makabila mawili zimetoka humo. Nikapanda treni ya reli ya kati mpaka Kigoma, kisha meli ya Liemba. Hiyo meli Wajerumani waliiunda kwao Papenburg mwaka 1913, wakaileta vipande vipande wakaiunganisha Kigoma. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe vitani, Waingereza wakaiopoa 1924, na mimi nikaikuta bado inapiga honi. Vijiji vingi vya ziwani havikuwa na gati. Meli inasimama majini, mitumbwi inaizingira, watu wanapanda ubavuni na mbuzi, na kuku, na magunia ya samaki wakavu aina ya migebuka. Mtoto mchanga nilimpokea mimi kwa mikono hii, karushwa kutoka kwenye mtumbwi kama furushi, mama yake akafuata nyuma anacheka.

Mle melini tulizoeana watu wanane, tukaapa kuandikiana. Aliyeandika ni mmoja, muuguzi aliyekuwa anaenda kuanza kazi zahanati ya kijiji cha pili. Na hata yeye, mimi ndiye niliyeanza, akajibu baada ya miezi miwili. Mpaka leo tunapigiana simu. Wale wengine sita sikuwachukia wala hawakunidanganya. Urafiki wao ulikuwa wa meli, na ulikuwa mzuri hivyo hivyo.

Nilipokuja likizo Pangani, mama yangu alisema, "Siku hizi unazungumza kama unaita mtu ng'ambo ya ziwa." Nilinuna likizo nzima. Nikajisemea hawa watu hawanielewi, wamebaki palepale. Ilinichukua miaka kutambua kwamba sikuwa nimewaambia kitu. Nilikuwa nimewaonesha picha nne na kuwahesabia majina ya vituo. Hofu ya usiku wa kwanza kwenye nyumba ya walimu isiyo na mlango, kilio changu, jinsi bibi mmoja wa Kifipa alivyokuja kulala mlangoni kwangu siku tatu bila kuombwa, hayo nilimsimulia muuguzi tu. Mama alikufa bila kumjua yule bibi.

Sasa turudi kwenye kile kilichonifanya nivute kiti. Umeandika: "tulipokuwa tunamnyanyua kitandani". Tulipokuwa, wewe na nani? Kaka zako umesema wako Dar. Mama yako umesema hainui hata ndoo. Halafu, mistari mingi baadaye, kama mtu anayetaja hali ya hewa, unasema mchumba wako alikuwa anapitia kila akitoka kazini. Mimi nimekisia, na kama nimekosea nisamehe: mikono mingine miwili chini ya mgongo wa mzee ilikuwa ya huyo kijana wa "aa" na "kumbe". Ameihesabu hiyo i, a, sani mara ngapi, jioni ngapi, akiwa na vumbi la bandarini mwilini?

Kama ndivyo, basi naelewa kwa nini ukikaa naye unasikia kikohozi. Ndiye aliyekuwepo. Uso wake umeungana na harufu ya dawa, na mashuka ya kubadilisha, na ule usiku wa mwisho. Wale wanawake wa kwenye treni walikutana na baba yako akiwa na miaka 19, amebeba taruma, mzima. Ulimleta mle chumbani akiwa kijana, na nani asingependa kubaki pale? Lakini mchumba wako naye amefiwa, mwanangu. Hakuna aliyempa pole, maana hakuwa mkwe bado na hakuwa mtoto. Alibeba jeneza, akarudi kazini Jumatatu.

Hebu nikuulize: kokoto iko wapi? Nina hakika iko kwenye kisanduku cha vifungo au chini ya cherehani, na nina hakika hajaiona. Umemweleza habari za Tunduma, za malori na kwacha na magauni saba. Za Mlimba umemweleza? Ulimwigizia baba kama ulivyowaigizia wale watano, ukiwa umeshuka kitandani? Mwite, uiweke kokoto mezani, usimulie tangu tochi ya simu mpaka handaki. Usifupishe. Kisha nyamaza, umwache aseme. Mtu wa maneno machache akiulizwa habari za malori anajibu "kumbe". Akiulizwa habari za mzee aliyekuwa anamnyanyua kila jioni, huenda ukashangaa.

Na huenda usishangae. Inawezekana atasema "aa" akachukua funguo. Hapo nitakwambia bila kuzunguka: ahirisha harusi. Mahari yakitolewa nusu yanaweza kurudi nusu. Ndugu watasema wiki tatu, kisha watapata jambo jingine la kusema. Usiolewe na mtu kwa kuwa alikusaidia kuuguza, hiyo ni deni la shukrani na hulipwa kwa njia nyingine. Ila usimwache kabla hujampa nafasi uliyowapa abiria wa vitanda sita.

Mimi siamini hata kidogo kwamba ile sauti ni ya treni. Sauti ni yako. Ilikosa pa kutokea kwa sababu nyumbani kila mtu alishajua wewe ni nani, na nyumba yenye mgonjwa haitaki kelele. Ugenini hakuna aliyekuwa na kumbukumbu yako, ukapumua. Tatizo la mtu anayegundua hivyo ni kudhani lazima awe mgeni kila mara ndipo apumue. Nimewaona wengi. Wanahama mji, miaka miwili mji unawajua, wanahama tena. Anza hapo hapo Ngamiani. Mteja akikuambia gauni shilingi elfu nane, mjibu kama ulivyowajibu wa Nakonde.

Tunduma sasa. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule mama alikupa jembe, tena upesi, akakuwekea na cherehani, na kwa hilo nampenda bila kumwona. Kakuona fundi pale ambapo wengine walikuona muuguzi. Lakini siku 16 ni siku za kula vizuri na kulala vizuri. Hujamwona akiwa amepata hasara. Hujajua akidaiwa anakuwaje, hujui kodi ya fremu mji ule, hujui magauni yakidoda nani anayebeba. Usipeleke milioni moja na laki nane kwenye urafiki wenye umri wa wiki tatu. Shona magauni kumi na mbili, uyatume kwa basi, mkubaliane bei kwenye simu na muandike. Fanya hivyo mara tatu. Akituma pesa yako kamili na kwa wakati mara zote tatu, nenda ukakae mwezi, kodi cherehani, uone baridi ya huko ikoje ukiwa na mafua. Baada ya hapo zungumza habari ya duka. Na mpigie simu hata siku ambayo huna gauni la kuuza, umuulize hali.

Mama yako. Nilicheka kidogo kwa swali lake, kwa sababu nami niliulizwa hilo hilo. Ila msikilize mwenye kuuliza. Ametoka eda mwezi wa tatu, na mwezi wa sita nyumba ikabaki haina mtu wa kukohoa wala wa kushona. Ulipanga siku nne, ukachelewa siku 12. Kamuombe radhi kwa hizo siku 12. Kwa safari yenyewe usiombe radhi. Kisha umuulize kama yeye amewahi kufika Mlimba. Mume wake kaihadithia miaka arobaini, usikute na yeye ana hamu.

Rafiki yako mwache anune. Ukiona mwezi umepita hajafika Segera, mchukue mwende naye mahali, hata Lushoto siku mbili. Kijicho cha namna hiyo dawa yake ni tiketi.

Na mkikubaliana na huyo kijana, mchukue kwenye treni. Ulizia ratiba mapema, na kumbuka wanawake na wanaume wanalazwa vyumba mbalimbali, mpaka mkate tiketi za chumba kizima, na hata hapo muwe mmeshaoana. Mkifika Mlimba mshushe hata kama ni usiku, ampe mzee salamu zake, kwa hesabu ile anayoijua yeye na wewe.

Usiende Tunduma mikono mitupu. Mpelekee yule mama nazi kavu na gunia dogo la machungwa ya Muheza. Yapange mwenyewe kwenye gunia, yaliyoiva sana yaache, mwendo ni mrefu.